Kusudi la Safari

Jumanne umeme ulikatika Mwanjelwa,
cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja
kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu.
Nikamwachia Mama Subilaga ufunguo,
nikapanda bajaji hadi lami ilipoishia,
kisha miguu.

Miaka kumi na tisa nimeuona mlima huu dirishani
na sikuwahi kuuita chochote ila hali ya hewa:
ukivaa kofia, anua nguo;
ukiivua, anika.

Bango limeliwa na kutu,
limebaki HIFADHI YA MS, na nusu ya mbega.
Chini yake kibanda, ndani ya kibanda koti la mvua,
ndani ya koti Ndele Mwazembe, mlinzi wa msitu,
ananitazama kana kwamba nimekuja kudai deni.

Akafungua daftari. Mgeni wa mwisho: Machi.
Jina? Tusekile.
Kazi? Fundi cherehani.
Kusudi la safari?

Nikawasoma waliotangulia: ukaguzi, utafiti,
ukaguzi, kutafuta ng'ombe aliyepotea, utafiti.
Hapakuwa na neno la mtu aliyekatikiwa umeme.
"Acha wazi," akasema, "utajaza ukishuka."

Ndani kuna baridi ya aina nyingine,
baridi yenye mikono.
Kangaga zinafika kifuani. Ndevu za miti zinachuruzika
maji ambayo hayakunyesha.
Chozi akapita (ndege, si la jicho),
kijani, kisha zambarau kila anapogeuka,
kama kitambaa kile wateja hukirudisha
wakidai nimewabadilishia.

Ndele hataji majina ya vitabuni. Anasema:
huu ulimkinga baba yangu mvua ya mawe,
huu una nyuki,
huu usiuegemee.
Mbele ya podo moja akasimama tu.
Hapo ndipo nilipogundua
futi bado inaning'inia shingoni mwangu.

Nikaushika mti kiuno.
Futi ikaishia mbavuni. Ndele akaweka kidole,
nikaanza upya pale palipo kidole,
tukauzunguka hivyo, kidole na futi, kidole na futi,
mara tatu na robo.
Kati ya wote niliowapima
huyu peke yake hakuvuta tumbo ndani.

Juu, msitu unaziachia nafasi nyasi fupi.
"Bustani," akasema, akaonyesha kwa kidevu.
Maua yalikuwepo, ya waridi, ya manjano, machache,
yamesimama mbalimbali
kama waliowahi msibani kabla ya turubai.
Na kati yao mashimo. Mashimo ya ukubwa wa ngumi,
udongo mweusi bado mbichi pembeni.
"Chikanda," akasema. "Wanachimba usiku.
Ua moja, viazi viwili. Hesabu mwenyewe gunia.
Yanakwenda Tunduma."

Sikujibu.
Magunia hayo nayajua uzito.
Mama Subilaga huyaleta jioni,
mia tano kwa gunia, sindano ndefu, uzi wa katani,
mshono wa msalaba usiofunguka njiani.
"Viazi vidogo," huniambia, nami sijawahi kuuliza
ni viazi gani vinanuka mvua.
Nimeshona midomo yake, na wangu.

Ndele alikuwa anafukia shimo kwa kisigino,
moja, halafu jingine, bila haraka,
kama mtu anayezima taa za nyumba kubwa.
Nami nikafukia. Kiatu changu cha mjini kikajaa.

Saa tisa, kibandani, safu ilikuwa bado wazi.
Nikaandika: kupima.
Akasoma. Akaongeza pembeni kwa kalamu yake,
mara tatu na robo,
akagonga muhuri.

Mwanjelwa umeme umerudi.
Ufunguo upo, na mlangoni pangu
magunia mawili, midomo wazi.
Sindano ndefu iko droo ya kushoto.
Mteja wa sare ya harusi ananisubiri, mikono juu.
Namzungushia futi, na udongo wa kucha zangu
unamwachia alama nyeusi kiunoni.
"Ngapi?" anauliza.
Juu ya bega lake nautafuta mlima.
Umevaa kofia.